Jirani Alipewa Mabati

Nilipoingia kazi ya tathmini magharibi mwa Kenya, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, kutathmini kulikuwa kuhesabu. Visima vingapi vimechimbwa, semina ngapi zimefanyika, wangapi walitia sahihi. Hojaji ya vyoo ilikuwa na majibu mawili tu: kipo, hakipo. Nakumbuka boma moja lenye choo cha kupendeza, mlango umepakwa rangi, na ndani mwenyewe amejaza magunzi mpaka karibu na paa. Fomu ilitaka kujua kama kipo, nasi tukaandika kipo. Mfadhili akafurahi, na watu wa boma lile wakaendelea kwenda kichakani.

Kilichotikisa mazoea hayo kilitoka Busia. Huko shirika la Kiholanzi la ICS, pamoja na wachumi wa Marekani Michael Kremer na Edward Miguel, liligawa shule 75 za msingi katika makundi matatu. Shule 25 zilianza kupewa dawa za minyoo mwaka 1998, nyingine 25 mwaka 1999, na za mwisho zikangoja hadi 2001. Wakati huo wote wahesabuji walikuwa wakifika shuleni bila taarifa, wakitazama nani yuko darasani badala ya kuiamini rejista. Walimu niliowajua walikasirishwa zaidi na hilo la rejista kuliko jambo jingine lolote.

Matokeo yalichapishwa 2004. Utoro ulikuwa umepungua kwa robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua eneo zima. Alama za mitihani hazikupanda. Mimi nilivutiwa na sentensi hiyo ya mwisho, kwamba mtu ameiandika na hajafukuzwa kazi. Katika ripoti zetu hakuna mradi uliowahi kushindwa. Utafiti mwingine wa Kremer na wenzake, eneo hilohilo, ulionyesha kwamba vitabu vya kiada viliwasaidia tu wanafunzi waliokuwa tayari mbele. Vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa huko. Nadhani wazazi wa Busia wangelisema hilo bure, kama wangeulizwa.

Tangu hapo kila mfadhili alitaka kundi la kulinganisha, na kura ya kuamua nani apewe msaada na nani angoje ikaingia vijijini. Tulizoea kuipiga hadharani, kwenye baraza la chifu, karatasi zikitolewa kwenye kofia. Sikuwahi kuungana na wanaoiita ukatili. Fedha zisipotosha wote, kura ya wazi ina haki kuliko orodha ya mzee wa kijiji, ambayo aghalabu ilianza na mashemeji zake. Tatizo lilianza baadaye, tuliporudi mwaka baada ya mwaka kuwahoji waliokosa. Mama mmoja wa Siaya alinipokea kwa chai, akajibu maswali ya mifugo na mlo kwa saa nzima, kisha akasema, "Mwanangu, jirani alipewa mabati. Mimi napewa maswali." Nilimwachia kipande cha sabuni, kama kanuni ilivyotaka.

Kanuni zenyewe ziliongezeka. Siku hizi huwezi kugonga mlango bila kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, barua ya kamati ya maadili na fomu ya ridhaa. Ni maendeleo, sibishi. Lakini fomu hiyo huandikwa kwa ajili ya kamati. Nimeona wazee wakisinzia kabla ya ukurasa wa pili, kisha wakiamka kutia dole gumba. Vishikwambi navyo vimepunguza kupika takwimu: zamani mhojaji mvivu alikaa chini ya mwembe na kuzijaza fomu kumi peke yake, leo kifaa kinaonyesha alikuwa wapi na alitumia dakika ngapi.

Waliobadilika zaidi, kwa macho yangu, ni wanaohojiwa. Shirika la GiveDirectly lilipoingia Homa Bay na fedha zisizo na masharti, nyumba nyingi zilizikataa. Uvumi ulisema ni fedha za shetani. Ofisini watu walicheka. Mimi niliona watu waliozoea kuhojiwa bila kuelezwa wakitafuta maelezo wenyewe. Mwaka 2020 ikajulikana kwamba katika utafiti uliohusisha Benki ya Dunia huko Kayole-Soweto, Nairobi, wenye nyumba wasiolipa bili walipigiwa kura nani atapewa onyo na kukatiwa maji, hivyo wapangaji nao wakakosa maji. Makelele yalikuwa makubwa, tena safari hii Wakenya wenyewe walikuwa miongoni mwa waliouliza nani aliruhusu. Miaka ishirini kabla, nadhani habari kama hiyo ingeishia kwenye jarida.

Sasa vijana ninaowasimamia huulizwa mlangoni maswali ambayo sisi hatukuulizwa: nani anawalipa, majibu yanakwenda wapi, ya mwaka jana yalisemaje. La mwisho ndilo gumu. Kabla ya kukubali kazi mimi hufungua bajeti kwanza, nitafute fungu la kurudisha matokeo kijijini. Mara nyingi lipo, chini kabisa, baada ya mafuta ya pikipiki na chakula cha mchana, na fedha zikipungua ndilo la kwanza kufutwa.