Mashine ya Tumboni

Najua kimya kimekuwa kirefu. Nilikuwa likizo nyumbani Chiwata, na hata siku ambazo mtandao ulishika sikuandika kitu. Nilikuwa na aibu. Leo nimerudi chuo, ngoja niwaambie.

Wanaonijua wanajua ada yangu analipa mjomba. Mjomba ana shamba la mikorosho na trekta Massey Ferguson 135, kongwe kuliko mimi mara mbili. Kila mwaka kabla ya msimu shamba lazima lisafishwe. Korosho zikidondoka kwenye majani marefu huzioni, na moto ukiingia kwenye nyasi kavu unaondoka na mikorosho yenyewe. Kufyeka kwa mkono ni vibarua wengi na hela nyingi, kwa hiyo alikuwa anatafuta mashine ya kufyekea ya kufunga kwenye trekta.

Mwezi wa sita akanitumia picha kutoka Dar, kwenye yadi moja ya vifaa vya mitumba. Bati kubwa jekundu, visu chini yake. "Mjomba, wewe ndiye unayesomea mambo haya. Itaingia?" Mimi niko kwenye foleni ya wali maharage. Nikaangalia sekunde tano. Massey nyekundu, na hii nyekundu. Nikajibu: "Itaingia mjomba, chukua."

Akachukua. Laki tisa, bado lori la mpaka Masasi.

Nafika nyumbani mwezi wa saba, nakuta mafundi wawili wamelizunguka lile dude tangu asubuhi. Shikamoo mjomba, marahaba, halafu spana mkononi. Ikanichukua nusu saa kujua kwamba tumeumia.

Iko hivi. Vifaa vya Massey 135 vinafungwa nyuma. Kuna mikono miwili ya haidroliki chini na mmoja juu, ule mfumo wa pointi tatu wa Harry Ferguson. Pini za mikono ya chini zina unene wa kama milimita 22. Katikati inatoka shafti ya PTO, milimita 35, yenye meno 6, inayozunguka mara 540 kwa dakika. Mashine ya kufyekea inayoifaa ina sehemu tatu za pini na giaboksi juu ya bati.

Dude letu halikuwa na sehemu ya pini hata moja. Halikuwa na giaboksi. Lilikuwa na puli, nafasi ya mkanda mrefu, na vyuma vya kuning'inizia vilivyopinda ajabu. Nikasugua kutu kwa brashi ya waya mpaka kibao kikatokea, nikanakili namba, usiku nikapanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao. Jibu: ni mashine ya tumboni. Inaning'inia chini ya trekta, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na mkanda unatoka kwenye shafti ya nyuma unarudi mbele kuzungusha visu. Ilitengenezwa kwa ajili ya Farmall Cub, katrekta ka Marekani kalikoanza kuuzwa 1947, nguvu za farasi kama 10 tu. Nako ni kekundu.

Kwa kukata majani ya uwanja, mashine ya tumboni ni nzuri sana. Dereva anaona anachokata, na akikata kona mashine haimpigi mkia kwenye mti. Lakini vile vyuma vya kuning'inizia vinafuata matundu ya boli ya trekta moja. Ukisema uchomelee vingine kwenye Massey, bado kuna njia ya mkanda, bado kuna kasi ya visu, na bati linakaa chini mno kwa shamba lenye visiki kama la kwetu. Mafundi walitaka kuchomelea. Nilikataa. Kisu kikichomoka pale kinaua mtu.

Sasa kumwambia mjomba. Wazee walikuwa wamekaa chini ya mwembe, na mimi ndiye msomi wa ukoo. Nikasema yote, pamoja na zile sekunde tano za kwenye foleni ya wali. Kimya. Mzee mmoja akavunja: "Wazungu nao walileta matrekta Nachingwea kulima karanga, hata vifaru vya vita waligeuza matrekta. Walianza 1947, 1951 wakaacha. Na wao walikuwa wamesoma." Watu wakacheka. Mjomba hakucheka.

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu alfajiri akanigongea mlango, akanipa fyekeo. Wiki tatu nimefyeka mikorosho pamoja na vibarua, viganja vimechubuka mpaka kushika kalamu tabu. Hakuwahi kunifokea, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Ile laki tisa ilikuwa ya bati la nyumba yake.

Siku ya kuondoka, pale stendi Masasi, akanipa nusu ya ada, nyingine atamalizia korosho zikiuzwa. Akanipa na futi kamba. "Mjomba, hukukosea kwa sababu hujui. Ulikuwa unajua, hukupima."

Kwa hiyo wadau, mtu wa nyumbani akiwatumia picha ya kifaa cha trekta, msitazame rangi. Mwambieni apige picha ya kibao cha trekta na kibao cha kifaa, apime pini, ahesabu meno ya shafti, aangalie kama ni giaboksi au puli. Kama muuzaji anasema kinaingia trekta yoyote, aondoke hapo.

Lile dude bado liko chini ya mwembe, kuku wanatagia. Kama kuna mtu anajua mwenye Farmall Cub nchi hii, aniambie. Sitanii.

Haya, kesho nina test ya haidroliki. Msicheke.