Taa isiyo na moshi

Sisi watu wa nchi zilizo karibu na ikweta tuna usiku mwingi kuliko tunavyofikiri. Ulaya, wakati wa kiangazi, jua hukawia mbinguni hata saa tatu za usiku, na watu huendelea na kazi zao nje. Ni kweli kwamba wakati wa baridi hulilipa deni hilo. Lakini sisi hatuna msimu wa kupumzishwa na giza. Huku Kivu jua hutua karibu saa kumi na mbili, mwezi wa sita kama mwezi wa kumi na mbili, kisha giza huingia kwa haraka kama mtu aliyefunga mlango. Basi nusu ya maisha yetu ni usiku, nasi zamani hatukuwa na la kufanya katika nusu hiyo ila machache.

Nilikulia katika kijiji cha milimani, upande wa Walungu. Nyumba yetu ilikuwa na moto mmoja katikati na koroboi moja. Wasomaji vijana huenda hawaijui koroboi: ni kopo dogo la bati lenye utambi wa kitambaa, nalo hutiwa mafuta ya taa. Huangaza bakuli na mikono ya walao, basi. Mama aliiwasha wakati wa kula tu, kwa maana mafuta yalinunuliwa sokoni kwa chupa, na fedha haikuwapo. Ilipozimwa tulipukuchua maharage kwa kupapasa huku tukisikiliza hadithi. Asubuhi kamasi zetu zilikuwa nyeusi kwa masizi. Tena hofu haikutoka moyoni: koroboi ikianguka juu ya nyasi za kitanda, nyumba imekwisha. Jirani yetu mmoja alibaki na kovu shingoni tangu utoto hata uzeeni.

Husemwa kwamba Edison, Mmarekani yule, ndiye aliyevumbua taa ya umeme. Ni kweli kwa sehemu. Kabla yake zilikuwapo taa kubwa za kuangazia barabara na bandari, zenye mwali mkali kati ya vijiti viwili vya kaboni. Lakini ni nani angeweza kula chakula chake chini ya mwanga ule? Mwingereza Joseph Swan naye alikuwa akihangaika na jambo lile lile. Siri yao ilikuwa uzi mwembamba wa kaboni ndani ya tufe la kioo lililoondolewa hewa: pasipo hewa, uzi hung'aa kwa joto bila kuteketea upesi. Taa ya Edison ilifaulu mwaka 1879. Lakini mimi humsifu zaidi kwa kazi yake ya pili, kwa maana alielewa kwamba taa peke yake ni kioo tu. Tarehe 4 Septemba 1882, katika Pearl Street mjini New York, alifungua kituo cha umeme chenye mitambo yake na nyaya zilizofukiwa chini ya barabara. Tangu hapo mwanga uliweza kutengenezwa mahali pamoja na kutumiwa mahali pengine, kama maji ya bomba.

Kwetu Kongo umeme ulitafutwa katika maporomoko ya mito, nao ulikwenda kwanza kwenye madini. Huko Katanga, kituo cha Mwadingusha juu ya mto Lufira kilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya shaba. Kituo cha kwanza cha Ruzizi, karibu na mahali mto huo unapotoka katika ziwa Kivu, kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kikaangaza Bukavu na Bujumbura.

Baada ya miaka michache nilipelekwa Bukavu kwa baba mdogo, aliyekuwa karani, ili nisome. Jioni ya kwanza mama mdogo alibonyeza kidude ukutani, na chumba chote kikawa mchana. Mwanga haukunishangaza sana, maana nilikwisha kusimuliwa. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyehitaji kuilinda taa ile. Haikutaka mafuta, haikutaka utambi, mtoto angeweza kulala chini yake. Na jambo lingine: pembe za nyumba zilionekana! Kwa koroboi uchafu hujificha; kwa umeme utando wa buibui humwaibisha mwenye nyumba. Muda si mrefu mama mdogo alizipaka kuta chokaa. Mimi nikasoma hadi saa tatu za usiku, jambo ambalo wenzangu wa kijijini hawakuliweza hata wakiwa na akili kunishinda. Nimelifikiria sana jambo hili. Wengi wetu tulioitwa hodari darasani tulikuwa na taa, basi.

Lakini mwanga huo ulichukua kitu pia. Mwanzoni taa ilikuwa moja, sebuleni, nasi sote tulikaa hapo. Vyumba vingine vilipopata taa, kila mtu alijiendea kwake. Nyanya yangu alipotutembelea tulimwomba hadithi. Akaitazama taa, akasema, “Siwezi kusimulia huku mnanihesabu meno.” Tukaizima, akasimulia mpaka usiku wa manane. Wazee husema umeme umeua hadithi. Mimi naona kwamba jioni ile kidude kilikuwa ukutani, na mkono uliokizima ulikuwa wetu.

La uchungu zaidi ni jingine. Vituo vya Inga, juu ya mto Kongo, vilifunguliwa mwaka 1972 na 1982, na njia ya nyaya ya kilometa 1,700 hivi ikajengwa kupeleka umeme wake hadi Katanga. Nyaya hizo hupita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku havina taa hata moja. Mpaka leo, katika nchi yetu, yapata mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme nyumbani. Hata mjini hukatika mara nyingi, na mshumaa hurudi mezani pamoja na hatari zake zote.

Hata hivyo taa imeanza kuja kwa njia nyingine. Taa ndogo za siku hizi hazina uzi. Wati tisa hutoa mwanga ambao zamani ulitaka wati sitini, na kibao cha jua juu ya paa hutosha kuzilisha. Jioni, ukisimama Bukavu ukatazama ziwani, utaona taa za wavuvi wa sambaza, maana samaki hao huvutwa na mwanga. Zamani wavuvi walitumia karabai, nazo zilikula mafuta usiku kucha. Sasa baadhi yao wana taa za betri. Nilimwuliza mmoja kama sambaza wameona tofauti. Akacheka, akasema sambaza huja vilevile. Ila sasa, akirudi asubuhi, fedha ya mafuta bado imo mfukoni mwake.