Vifaranga Wasio na Mama

Mwanzoni mwa mwaka 2014, hapa Umoja hapakuwa na mazungumzo ila ya kware. Kituoni mwa matatu, kware. Kwa muuza mboga, kware. Yai moja dogo lenye madoadoa, ambalo hata ukiyakusanya matano hayazidi uzito wa yai moja la kuku, liliuzwa shilingi arubaini, na watu wakinong'onezana kwamba latibu sukari, presha na pumu. Sisi tulikuwa wanawake sita wa ploti moja, wengi wetu wenyeji wa Pwani tulioletwa Nairobi na ndoa au kazi, na tulikuwa na chama cha shilingi mia mbili kwa wiki. Fedha zile tuliziweka kwa karo ya mwezi wa Mei. Tukazinunulia mayai ya kuangua. Mwenzetu mmoja alipinga, nasi tukamwita mwoga.

Mayai yalikuwa 120. Fundi redio alitutengenezea kiangulio: sanduku la mbao nyembamba, ndani balbu mbili, kipimajoto na bakuli la maji ili hewa isikauke. Joto latakiwa kuwa nyuzi 37 na nusu. Likipungua kidogo kwa muda mfupi, yai huvumilia. Likizidi, hufa upesi. Sanduku tuliliweka chumbani mwa mwenzetu mjane, aliyekuwa akiishi na mama yake mzazi, ambaye ploti nzima tunamwita Bibi.

Ndege anayeatamia huyageuza mayai yake mara kwa mara, kiumbe kilichomo kisije kikagandamana na utando wa ganda. Kazi hiyo sasa ilikuwa yetu. Tuliambiwa tuyageuze mara tatu au tano kwa siku, muradi idadi iwe witiri, ili upande ule ule usikae juu kila usiku. Tukachagua tano, baada ya kila sala. Hivyo ndivyo tulivyopangiana zamu, na twakiri kwamba wako kati yetu ambao hawakuwahi kuchunga wakati wa Alfajiri kama walivyouchunga majuma yale.

Bibi alitazama siku tatu bila neno. Siku ya nne akauliza, "Wanangu, na mama yao yuko wapi?"

Tulicheka, kisha tukamweleza kwamba kware huyu wa kufugwa, kwa kuzalishwa vizazi na vizazi kwa ajili ya mayai, amepoteza desturi ya kuatamia. Hutaga akaenda zake. Bibi hakuridhika. Kware wa kwao, alisema, ni ndege mkubwa wa vichakani, naye hulalia mayai yake mpaka mwisho. "Huyu wenu kasahau. Basi mjue mmejitwika nini."

Tuliyajua usiku wa kumi na sita. Tulikuwa tumekwisha acha kugeuza, kwa maana siku za mwisho mayai huachwa yatulie na sanduku halifunguliwi. Baada ya Isha stima ikapotea mtaa mzima. Tulilifunika sanduku kwa mablanketi, tukachemsha maji kwa jiko la makaa, tukayajaza katika chupa na kuzipanga kandokando. Kila chupa ilipopoa, mwingine akashuka ngazi na nyingine. Yule tuliyemwita mwoga ndiye aliyekesha na Bibi mpaka saa tisa, mwanga uliporudi. Sikio likiwekwa karibu na mbao, palisikika mlio mdogo sana, kama wa kijiwe kikigonga glasi.

Walitoka 53. Kila mmoja alilikata ganda lake kwa kulizunguka, akalisukuma kama kifuniko, akalala chini akihema. Hawakuzidi kifundo cha kidole gumba, wa rangi ya kahawia, michirizi myeusi mgongoni. Watatu walikufa maji siku ile ile katika kisahani cha kunywea. Ndipo watoto wetu walipotoa gololi zao, tukazijaza kisahanini, maji yakabaki katika nafasi baina yake. Magazeti tuliyowatandikia yaliteleza, miguu ikaanza kuwapanuka. Tukatandika leso kuukuu. Hakuna aliyetuonya mapema juu ya mambo hayo mawili, na ndiyo maana tunayaandika.

Kwa kuwa kware walihesabiwa ndege wa porini, mfugaji alitakiwa kuwa na leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, nasi tukaifuata. Majike walipoanza kutaga, katikati ya Machi, kila mtaa ulikuwa na kware na bei imeanguka. Mchuuzi mmoja alitushauri tuyauze kama dawa. Bibi, mgonjwa wa sukari kwa miaka mingi, alikuwa akila mayai yetu kila asubuhi. "Matamu," alisema, "na sukari yangu iko pale pale." Akameza kidonge chake. Hatukuweza tena kumwambia mnunuzi neno ambalo Bibi angelisikia akacheka. Tuliyauza shilingi tano tano, kama chakula, na mengi tukayala wenyewe.

Karo ya Mei haikutimia. Tulikubaliana kwamba aliyepinga arudishiwe fedha zake kwanza, kabla ya yeyote, na tukaenda kwake sote watano kumtaka radhi. Alitukaribisha chai. Mmoja wetu aliuza bangili. Wawili waliomba shule iwasubiri.

Madume tuliwachinja, watoto wakagoma kula. Majike tuliwagawa, isipokuwa mmoja ambaye Bibi alikataa kumtoa. Alikuwa akitaga jioni, karibu na Alasiri, kisha akaliacha yai palepale na kwenda kupekua mchanga. Bibi alikuwa akitoka na tasbihi yake, akainama polepole, akaliokota yai likiwa bado na joto, na kulifunga katika pindo la leso.