Mita nane za maji

Wadau, samahanini kwa kupotea. Mitihani iliisha wiki iliyopita na mwenzenu nikajiona niko huru kufanya ujinga. Nimeufanya. Viganja vimechubuka ila naandika hivyo hivyo.

Hapa Aberdeen kuna kikundi cha wanafunzi wapanda miamba. Nilijiunga kwa sababu ukumbi wao una joto (msicheke, njooni Januari mtanielewa). Hawa watu wana ugonjwa wa mawe ya baharini: yale marefu kama nguzo, yaliyobaki peke yake majini baada ya mawimbi kula mwamba uliokuwa umeyaunganisha na nchi kavu. Uskoti yako mengi. Lile maarufu, Old Man of Hoy, lina mita 137 na lilipandwa mara ya kwanza mwaka 1966. Sisi tulikwenda kwa mdogo wake, Old Man of Stoer, mita 60 hivi, naye alipandwa mwaka huo huo. Kote kuwili alikuwepo daktari mmoja, Tom Patey, aliyesomea udaktari hapa hapa Aberdeen.

Basi bwana. Masaa matano garini, halafu mguu kutoka mnara wa taa, upepo unakusukuma kama anayekudai. Kisha unashuka genge lenye majani ya utelezi, umeng'ang'ania nyasi. Ukifika chini ndio unaona shughuli yenyewe: kati yako na jiwe kuna mlango wa bahari, kama mita 8. Mtu mmoja lazima aogelee na kamba, aifunge ng'ambo, ndipo wengine wavuke wakining'inia juu ya maji kama popo.

Wote wakanigeukia mimi. "Wewe si mtu wa pwani?"

Na kosa ni langu. Nimewachosha watu hawa kwa habari za Kilwa, jinsi tulivyokuwa tunajirusha kutoka kwenye mashua na kurudi ufukweni tukishindana. Mita 8 ni nini? Nikavua shati kwa mbwembwe, nikafungwa kamba kiunoni, nikajitupa.

Jamani. Bahari ya kwetu hufika nyuzi 28. Hii, mwezi wa Juni, ni kama 11 tu. Kifua kikabana, nikavuta pumzi nikameza chumvi, nikavuta tena, hewa haishuki. Miguu ilikuwa inapiga vizuri tu, kilichogoma ni kupumua. Nimeelezwa baadaye kwamba baridi ya ghafla humfanya mtu aheme bila kujizuia kwa dakika moja mbili za mwanzo, na hapo ndipo hata waogeleaji wazuri wanapokufa. Dawa yake ni kuelea tu mpaka ipite. Mimi sikungoja ipite. Nilipiga kelele wanivute, wakanivuta kama papa.

Aliyevuka ni dada mmoja mwembamba aliyejifunzia kuogelea kwenye bwawa la shule. Alivaa suti ya mpira, akajilowesha uso na mikono, akashuka taratibu, akakaa majini anapumua. Halafu akaenda. Dakika haikuisha.

Mimi kwa kutetemeka nisingeweza kushika jiwe, nikaachwa kulinda kamba. Sio kazi ndogo: kamba ikitoka, wenzako wanarudi kwa kuogelea. Nikakaa naangalia maji yakijaa, sili mmoja akinichungulia, na ndege wa magengeni wanaotema mafuta yanayonuka kwa kila anayekaribia viota vyao. Wenzangu juu walikuwa wadogo kama njiti za kiberiti.

Kupanda kwao kulinipendeza. Kushuka ndiko kulikonitesa. Patey alifariki mwaka 1970 akishuka kwa kamba kutoka jiwe jingine la baharini, The Maiden, huko kaskazini. Nilikuwa nimelisoma hilo usiku uliotangulia, na kila mmoja alipoteremka nilikuwa nahesabu vifundo vyake kwa macho. Walishuka wanne, wakavuka wanne.

Jumapili mama alipiga. Nikamwamkia, tukaongea habari za mvua, za bei ya unga, mwisho akauliza kama huku naenda baharini. Nikamwambia maji ya huku ni ya baridi sana.

"Mtoto wa Kilwa unaogopa maji?" Akacheka mpaka simu ikakata.

Sijampigia bado.