Chungu kimoja cha jibini kilivyonirudisha kwenye sinia la nyumbani

"Chukua mkate kwa meno, midomo isiguse uma," dada aliniambia kwa sauti ya chini.

Mezani tulikuwa watano, chungu kilikuwa kimoja. Ndani yake kulikuwa na jibini iliyoyeyuka, nzito na laini kama uji wa mtoto, ikipashwa moto na mshumaa mdogo chini yake. Kila mtu alichoma kipande cha mkate kwa uma mrefu, akakitumbukiza chunguni, akakizungusha na kukipeleka kinywani. Mimi nilibaki nimeushika uma wangu hewani. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na kula chungu kimoja ni jambo nililokwisha kulipiga marufuku, kwanza kwa wasomaji wangu, kisha nyumbani kwetu Tanga.

Ilikuwa mwishoni mwa Januari. Nilikuwa nimekwenda Geneva, Uswisi, kwa mafunzo ya wiki moja ya waandishi wa habari za afya. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, ameolewa Fribourg, na alikwishaniapia kwamba nikiondoka Uswisi bila kufika kwake, tusijuane tena. Basi Jumamosi asubuhi nikapanda treni.

Safari yenyewe ni kama saa moja na nusu. Kwanza treni inafuata ukingo wa Ziwa Geneva. Ukiipita Lausanne inaanza kupanda, na chini yako unaona mashamba ya mizabibu ya Lavaux yaliyokatwa matuta kama ya Lushoto, yakiteremka hadi majini. UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007. Siku ile matuta yalikuwa meupe kwa theluji. Ziwa linapopotea nyuma ya kilima, unaingia nchi ya ng'ombe, na hapo ndipo Fribourg ilipo, mji wa kale juu ya bonde la mto Sarine, ambako duka hili watu wanazungumza Kifaransa na la pili Kijerumani.

Mchana shemeji alitupeleka Gruyères, mji mdogo wenye ngome juu ya kilima. Chini yake, Pringy, kuna kiwanda ambacho mgeni anaweza kusimama nyuma ya kioo akatazama jibini ikitengenezwa. Maziwa yanapashwa moto katika masufuria makubwa ya shaba, yanagandishwa, yanakatwakatwa, kisha yanakamuliwa maji na kuwa magurudumu. Gurudumu moja la kilo 35 linahitaji maziwa lita 400 hivi, na linakaa ghalani miezi isiyopungua mitano ndipo liitwe Gruyère. Shemeji alinieleza kwamba zamani hii ndiyo ilikuwa akiba ya wafugaji. Kiangazi ng'ombe hupandishwa milimani wakajaza maziwa, na kwa kuwa maziwa hayasubiri, yakageuzwa kuwa kitu kinachosubiri. Masika yakija, wafugaji wengi wa kwetu wanaijua shida hiyo.

Chakula kilichoanzishwa kwa tangazo

Chakula tulichokuwa tukila usiku ule kinaitwa fondue, neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kilichoyeyushwa. Nilidhani nitaambiwa ni mila ya mababu tangu dunia kuumbwa. Kweli ina umri, kwa sababu maelezo ya kupika jibini kwa mvinyo yamo katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa Zürich mwaka 1699. Lakini kwa muda mrefu kilikuwa chakula cha sehemu chache tu, hasa upande wa wasema Kifaransa.

Aliyekifanya kuwa chakula cha taifa ni chama cha biashara. Mwaka 1914 ulianzishwa Muungano wa Jibini wa Uswisi, uliopanga bei na kusimamia mauzo ya jibini nchini humo hadi ulipovunjwa mwaka 1999. Miaka ya 1930 biashara ilikuwa mbaya na jibini ilikuwa nyingi. Muungano ukaanza kuitangaza fondue kwa nchi nzima kama chakula cha Waswisi wote. Na kweli, hakuna chakula kinachomaliza jibini upesi kama hicho, kwani mtu mmoja huhesabiwa gramu 200. Baada ya Vita Kuu ya Pili matangazo yakarudi kwa nguvu. Fondue ikaingia hadi jeshini, na vijana waliojifunza kuipika huko wakarudi nayo makwao.

Nilipomuuliza mama mkwe wa dada kama hajisikii amechezewa na wafanyabiashara, bibi huyo alicheka. Dada akanitafsiria: "Wao walitaka kuuza jibini. Sisi tulipata sababu ya kukaa pamoja usiku wa baridi. Hakuna aliyepunjwa."

Fondue inayojulikana zaidi Fribourg huitwa nusu kwa nusu, yaani nusu Gruyère na nusu Vacherin, jibini nyingine laini ya mkoa huo. Chungu kinasuguliwa kitunguu saumu, kinatiwa mvinyo mweupe, jibini iliyoparuzwa na wanga kidogo. Uchachu wa mvinyo na ule wanga ndivyo vinavyozuia jibini isikatike ikawa mafuta upande mmoja na madonge upande wa pili. Na hata ikifika mezani, kila anayechovya anapaswa kukoroga hadi chini. Ukichovya juujuu tu unawaharibia wenzako.

Mimi situmii kilevi, na dada alikuwa amekwishawaambia. Nilikuwa nimejiandaa kupewa sahani yangu pembeni, labda mkate na kipande cha jibini baridi. Bibi hakufanya hivyo. Mkoa wao una fondue nyingine, ya Vacherin peke yake, ambayo huyeyushwa kwa maji kidogo na moto mdogo mno, na haitakiwi kuchemka hata kidogo. Hiyo ndiyo aliyopika, kwa watu wote. Shemeji alinung'unika kwa utani kwamba ameunyimwa mvinyo kwa ajili yangu, mama yake akamnyamazisha kwa jicho moja.

Swali la bibi

Tulipokuwa tukila, bibi aliuliza kama kwetu nako watu hula pamoja hivi. Nikamweleza habari za sinia. Wali wa nazi unapakuliwa katikati, samaki juu yake, watu wanazunguka mkekani. Baba alikuwa na tabia ya kumega samaki na kusukuma minofu upande wetu watoto. Yeye alikula kichwa na kudai ndicho kitamu kuliko vyote. Nimefika chuo kikuu ndipo nikagundua kwamba alikuwa akitudanganya.

"Na bado mnakula hivyo?" bibi akauliza.

Sikuwa na jibu la haraka.

Machi 2020, corona ilipoingia Tanzania, ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kazi. Niliandika habari ya kuwahimiza watu waache kwa muda kula sinia moja. Kisha nikaenda Tanga nikayatekeleza mwenyewe. Nilinunua sahani sita, kila mtu na yake, na ya baba nikaiweka mbali zaidi kwa sababu alikuwa na shinikizo la damu na umri ulikuwa umesogea. Hakubisha. Alisema, "Mwanangu ndiye mtaalamu." Akawa anakula kwenye kiti chake barazani, sisi kila mmoja na sahani yake na simu yake.

Hatari ilipungua, masharti yakalegezwa, watu wakarudi kwenye shughuli zao. Nyumbani kwetu hakuna aliyerudi mkekani. Mwaka 2022 baba alifariki kwa kiharusi. Miaka yake miwili ya mwisho alikula peke yake, kwa agizo langu.

Ule ushauri haukuwa na makosa wakati ule, na ugonjwa kama ule ukirudi nitauandika tena. Kosa langu ni kwamba nilitangaza mwanzo wake, sikutangaza mwisho wake. Nchi ya watu imefundishwa kukaa kwenye chungu kimoja kwa tangazo. Mimi niliwatoa wangu kwenye sinia kwa tangazo, kisha nikasahau kuwaita warudi.

Sikuyasema yote hayo mezani. Nilisema tu, "Tuliacha kidogo, Bibi." Nikachovya mkate wangu, nikakoroga hadi chini.

Ukoko ni ukoko

Jibini ilipokaribia kwisha, mtoto wa dada, mwenye miaka tisa, alianza kuchungulia chunguni. Chini kabisa ilikuwa imeshika utando mkavu wa rangi ya kahawia. Wenyewe wanauita mtawa wa kike. Mimi nilipouona nilisema kwa sauti, "Ukoko!" Dada akacheka hadi machozi yakamtoka. Bibi aliubandua kwa kisu, akaukata vipande vitano. Ulikuwa mgumu kidogo, una chumvi, na mtamu kuliko kila kilichotangulia.

Sasa niseme kama mwandishi wa afya. Karibu theluthi ya uzito wa jibini hizi ni mafuta, na chumvi iliyomo kwenye gramu 200 inaweza kupita nusu ya zile gramu 5 ambazo Shirika la Afya Duniani linasema tusizifikie kwa siku. Mwenye presha aonje, asishibe. Jambo jema ni kwamba sukari ya maziwa, inayowasumbua tumbo watu wazima wengi wa kwetu, huisha karibu yote jibini inapokomaa. Waswisi hubishana kama fondue inywewe na mvinyo au chai ya moto. Mwaka 2010 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa Zürich uliofanywa kwa watu 20 wenye afya, ukaonyesha kwamba kwa mvinyo chakula kilichelewa zaidi kutoka tumboni kuliko kwa chai, ingawa walioshiriki hawakuumwa zaidi. Sisi wa chai tumeshinda.

Wiki mbili baada ya kurudi nilikwenda Tanga. Sinia la zamani lilikuwa uani, mama akilianikia dagaa. Nililisugua, nikalileta jikoni.

"Na ile habari yako ya gazetini?" mama akauliza.

"Ile ilikuwa ya mwaka ule, mama. Leo tunanawa kwa sabuni, tunakula."

Mama hakujibu. Alipakua wali katikati, akaweka samaki juu. Kaka alikuja na simu yake, akatutazama mkekani, akairudisha mfukoni na kukaa. Tulikula kimya kwa muda, kama watu wanaokumbushana njia. Kisha nikamwona mama anamega samaki, anasukuma minofu upande wangu, na mkono wake unarudi kukichukua kichwa.