Jumamosi ya Mtori

Geti la kituo hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu, lakini wamenya ndizi huwa wameshaingia kwa mlango mdogo wa nyuma. Niliwakuta wanne, wamekalia vigoda na ndoo zilizopinduliwa, kanga zimefungwa juu ya sweta, maana asubuhi ya Julai hapa Moshi haina mzaha. Mlima ulikuwa umejifunika tangu juzi. Mama mmoja aliniangalia viatu, akaniangalia mikono, kisha akasukuma kibakuli cha mafuta ya kula kuelekea kwangu. "Paka kwanza, mwanangu. Utomvu haujui kama wewe ni mgeni."

Nilikuwa nimekuja kuandika, si kumenya. Nilipaka.

Kituo chenyewe ni ukumbi mrefu wa bati nyuma ya kanisa la usharika mmoja wa KKKT, ng'ambo ya reli, upande wa kusini wa mji. Una stoo, vyumba viwili vya chekechea vyenye herufi zilizochorwa ukutani, na jiko la nje la mafiga. Siku za kazi asubuhi ni chekechea, jioni ni masomo ya ziada kwa wanafunzi wa shule ya msingi, Alhamisi ni akina mama wa cherehani. Jumamosi ni ya wazee. Wanakuja kula mtori, kunyolewa, kupimwa presha na, zaidi ya yote, kupiga soga. Wasioweza kutembea wanapelekewa chakula nyumbani. Katika shughuli zote hizo wenye mshahara ni wawili tu, mlinzi na mwalimu wa chekechea. Wengine wote wanajitolea, akiwemo mratibu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayerudishiwa nauli na kununuliwa vocha ya simu. Hakuna anayemwita mratibu. Ni Mwalimu tu.

Jumapili iliyotangulia nilikuwa ibadani, nikasikia katibu akisoma matangazo. Ndoa tatu, msiba mmoja, mchango wa paa, mazoezi ya kwaya, na mwishoni kabisa: kituo kinahitaji watu wa kujitolea, atakayeguswa amwone Mwalimu baada ya ibada. Nilijiweka mlangoni nione watakaoguswa. Watu walipita, wakasalimiana, wakaenda zao kwenye mnada.

Asiyewahi kuona mnada wa kanisa la Kilutheri huku Kaskazini amekosa burudani. Washarika huleta sadaka ya mazao, na mzee wa kanisa mwenye sauti na vichekesho huyauza palepale uwanjani. Siku hiyo kulikuwa na mkungu wa ndizi, majogoo mawili, trei ya mayai na malenge lenye ukubwa wa kichwa cha ndama. Trei ya mayai ilipandishwa bei na baba wawili walioamua kuoneshana, ikafika mahali ambapo dukani ungepata trei mbili na chenji. Mshindi alicheka, akalipa, kisha akairudisha iuzwe tena. Watu hao si wachoyo, wala kituo hawakichukii. Ila tangazo lilikuwa limesemwa kwa wote, na kila mmoja alijua kwamba katika wote hao lazima yupo mwingine.

Mwalimu hakuwa mlangoni. Alikuwa pembeni ya mnada, daftari kubwa la kaunta kwapani, akiwapitia watu mmoja mmoja kama anayekagua mistari ya foleni ya shule. Nilimsogelea nisikilize.

"Baba, Bwana Yesu asifiwe."

"Amina, Mwalimu."

"Bomba la jikoni kituoni linavuja. Najua Jumanne unatoka kazini mapema. Saa tisa na nusu, kazi ya nusu saa. Mpira ninao."

Yule bwana, fundi bomba, alikubali kabla hajamaliza kutafuna muhogo wake. Hakuombwa awe mtu wa kujitolea. Aliombwa afunge mpira wa bomba, Jumanne, nusu saa. Nilipomuuliza Mwalimu baadaye kwa nini basi anahangaika na matangazo, alisema matangazo yana kazi yake: mtu ukimfuata asije akasema hajawahi kusikia.

Uwanja wake mkubwa hasa ni jumuiya, yale makundi ya nyumba za jirani yanayokutana kila wiki kusali sebuleni kwa mmoja wao. Nilifuatana naye Jumatano jioni. Tulikaa kwenye makochi yenye vitambaa, tukaimba, tukasoma, na chai ilipoletwa ndipo alipofungua daftari. Hakuhubiri. Aliuliza nani amehamia mtaa huu, nani amestaafu, nani amefiwa, nani mwanawe yupo likizo. Mjane mmoja, aliyekuwa amejikunyata kwenye kona ya kochi, alitajwa na jirani yake kuwa tangu amzike mumewe halali, anaamka saa tisa usiku na kufagia uwanja. Mwalimu alinyamaza kidogo. "Mama, mimi nina kazi ya kuanza saa kumi na moja alfajiri. Kuwasha moto wa Jumamosi. Mwenye kazi hiyo amepata mjukuu, ameenda Rombo."

Ndiye niliyemkuta Jumamosi amekaa jirani na mafiga, uso unang'aa kwa joto, akiwafukuza wote wanaotaka kumsaidia kusukuma kuni.

Daftari nililiomba nilione. Kuna jina, jumuiya, simu, siku. Halafu safu mbili nilizozipenda: "anachoweza" na "asichotaka". Kwenye hiyo ya pili kijana mmoja ameandikiwa "asiwekwe na watoto, hana subira, mwenyewe amesema." Mama mwingine: "asipelekwe hospitali, amefiwa huko." Vituo vingi vina orodha ya watu na namba zao. Sijaona kwingine palipoandikwa mtu aondolewe mzigo gani.

Lipo pia kundi la WhatsApp, lakini Mwalimu analiona kama tangazo la kanisani lililovaa suruali. Ukiuliza humo "nani anapatikana Jumamosi?" unapata vidole gumba kumi na viwili na watu watatu. Yeye hupiga simu Alhamisi usiku, mmoja baada ya mwingine, mpaka vocha iishe.

Kuhusu watoto hana mzaha. Kabla ya kukaribia chumba cha masomo ya ziada, kila mgeni anatakiwa aje na barua ya serikali ya mtaa na ya mchungaji wake, na ndani ya chumba wawe watu wazima wawili, mlango wazi. Nakala ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko kabatini, imefungwa kwenye plastiki, pembe zimechakaa. Zipo familia zilizonuna kwa sababu kaka yao, mtu wa kwaya kabisa, aliambiwa asubiri barua. Mwalimu anasema kununa kunapona. Utaratibu huohuo unawahusu vijana wa Ulaya wanaopita Moshi kwa ajili ya mlima na kutaka wiki moja ya kukaa na watoto. Mgeni wa kujitolea anatakiwa awe na kibali cha ukaazi daraja C, na asiye nacho hakai. Akija kutembelea tu, anakaribishwa chai.

Asubuhi ile ya Jumamosi, tukiwa tumemenya mkungu wa pili, alifika kijana mwenye shati lililopigwa pasi, bahasha ya kaki mkononi. Alimpa Mwalimu shikamoo kwa kuinama, akasema ana stashahada ya maendeleo ya jamii, anaomba kujitolea.

Hapa neno lenyewe lina matatizo. Kwa mama wa mafiga, kujitolea ni kutoa. Kwa kijana wa bahasha, na kwa maelfu ya wahitimu wenzake wanaofundisha shuleni au kuhudumu zahanati bila mshahara, kujitolea ni foleni ya ajira. Anajitolea ili aonekane, nafasi ikitokea akumbukwe. Simlaumu hata kidogo, kwani nami nilianza uandishi hivyohivyo, kwenye ofisi moja ya habari iliyonitumia miaka miwili na kunilipa kwa chai. Ninachokilaumu ni kumwacha mtu kwenye foleni ambayo unajua dirisha lake halifunguliwi.

Mwalimu alimpa kiti. "Mwanangu, hapa ajira hakuna. Haipo mwaka huu, na mwakani sijaiona. Ukitaka, nitakupa miezi mitatu, asubuhi mbili kwa wiki, utembelee wazee na kuandika taarifa zao vizuri. Mwezi wa nne nakupa barua inayosema ulichofanya, siyo inayosema una tabia njema. Siku nyingine tafuta riziki." Kijana aliangalia bahasha yake kama anayeona aibu kwa niaba yake. Kisha akauliza aanze lini.

"Ndizi zipo."

Aliikunja mikono ya shati mara nne, kwa uangalifu, ili mkunjo wa pasi usiharibike.

Upo pia mzigo wa zamani ambao kituo bado kinaubeba. Miaka ya nyuma palikuja mradi wa wafadhili, sitautaja, uliowalipa watembeleaji wa wagonjwa posho kila mwezi na fulana zenye nembo. Watu walijaa. Mradi ulipofika mwisho wake, fulana zilibaki, watembeleaji hawakubaki, na kilichouma ni kwamba hata wale waliokuwa wakitembelea jirani zao bure kabla ya mradi hawakurudi. Kazi ilikuwa imeshapewa bei. Sasa sheria ya kituo ni fupi: anayetoka mbali anarudishiwa nauli aliyotoa, wote wanakula walichopika, basi. Bado kila mkutano wa robo mwaka lazima atokee mtu wa kuulizia soda.

Saa nne alipita mzee wa kanisa, mwenyeji wa Kidia, kule Moshi ya Kale. Alisimama juu yetu akitazama maganda, na tukaingia kwenye mazungumzo ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Zamani, alisema, mfongo, yaani mfereji wa maji, ukiziba, baragumu linapigwa na kila nyumba inatoa mtu wa kwenda kuuzibua. Asiyetokea analipa faini, na asipolipa anakosa zamu ya maji. Hilo ndilo lililowaweka watu pamoja. "Sasa ninyi mna faini gani?"

"Mimi nina faini," Mwalimu alijibu bila kuinua macho. "Ukikosa mara mbili, ninakuja kukutembelea nyumbani. Nakaa, nakunywa chai, nauliza kama ni mgonjwa. Wanaiogopa kuliko faini ya mbuzi."

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaanza habari za Gutmann, na huku Kidia hakuna mzee asiyeanza habari za Gutmann. Wamisionari wa Leipzig walipanda Kilimanjaro mwaka 1893. Bruno Gutmann akafika 1902, na, ukiacha miaka aliyokuwa nje baada ya vita ya kwanza, alikaa mpaka 1938. Aliandika kitabu kinene kuhusu sheria za Wachaga, kikatoka 1926, na alishikilia kwamba kanisa lisiuvunje ukoo, ujirani na rika, bali lijengwe juu ya hivyo vitatu. Babu yake mzee huyu, kwa simulizi ya nyumbani kwao, alibarikiwa kipaimara akiwa amefungamanishwa na kijana mwenzake, kila mmoja akawa mlinzi wa mwingine hadi uzee.

Nilimwona Mwalimu ametega sikio. Naye hamtumi mtu peke yake, daftari lake limepangwa wawili wawili. Lakini mji ulimshinda Gutmann, aliyekuwa akiuogopa pamoja na fedha zake, na hapa ng'ambo ya reli ukoo hausaidii kitu. Mama wa mafuta ni Mpare wa Usangi, mjane anatoka Marangu, kijana wa bahasha amekulia Singida. Kilichobaki kati ya vile vitatu ni ujirani, na wenyewe una likizo: ikifika Desemba mji unapanda mlimani kula Krismasi, na kituo kinabaki na mlinzi. Mwalimu huziba pengo kwa wale wanaoteremka kwa mabasi kutoka Dar es Salaam. Anawavizia wakiwa bado wanashusha mizigo.

Mtori uliiva saa sita kasoro. Niliwahesabu wazee arobaini na watatu, wengine na bakuli zao kutoka nyumbani. Mabakuli manne yenye vifuniko yalitengwa ya kupelekwa, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba mwenye zamu ya njia ya karibu na reli hajafika. Simu yake haipatikani. Mwalimu hakusema lolote juu yake. Alifungua daftari, akaweka nukta pembeni ya jina, ya pili. Kisha akanitazama mimi na yule kijana.

Tulienda. Bibi tuliyempelekea alikuwa amekaa kizingitini tangu asubuhi, kitambaa safi kichwani, anasubiri. Alituangalia wote wawili kwa zamu, akamuuliza kijana, "Yule mwingine anaumwa?" Hakugusa bakuli mpaka tulipomhakikishia kwamba Mwalimu atakwenda kumwona.

Jioni nilipoaga, daftari lilikuwa mezani, kalamu juu yake. Mwalimu aliniuliza ni lini nitapita tena Moshi. Nilisema nitajitahidi. Alisubiri, kalamu mkononi, kama anayemsubiri mtoto wa darasa la pili amalizie hesabu. Nikataja Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Akaandika, na kwenye safu ya "asichotaka" akaniuliza aweke nini. Nilimwonesha vidole vyangu, vyeusi kwa utomvu mpaka kwenye kucha, kwa kuwa nilisahau kupaka mafuta mara ya pili.

Akaandika: "kumenya". Chini yake, kwa herufi ndogo, akaongeza: "lakini anaweza."