Usukani Ukilegea

Njia yetu ya Kabambare kwenda Kasongo ni ya tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikaipita kwa miguu. Mpagazi aliyeumia aliweza kusema, "Naumwa hapa." Gari halina kinywa, husema kwa njia ya usukani, mikononi mwa dereva. Basi yatupasa kujifunza maneno yake.

Usukani ukiwa mzito, tazama kwanza upepo wa mipira ya mbele, kisha mafuta ya usukani, kama gari ni la namna hiyo. Gari likivuta upande mmoja, linganisha upepo wa mipira miwili. Likivuta wakati wa kukanyaga breki tu, shauri ni la breki. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo wa mbio na kutulia polepole, mara nyingi uzito wa gurudumu hauko sawa. Huku kwetu hata matope yaliyokauka ndani ya rimu yaweza kuleta hayo, na dawa yake ni maji na kijiti.

Ugonjwa wa kuogopwa ni ule wa ulegevu: wageuza volani, magurudumu hayafuati.

Katika majira ya mvua ya mwaka 2021 tulipaswa kumsindikiza mama mmoja mwenye uchungu mgumu wa uzazi kwenda hospitali ya Kasongo. Tangu siku mbili dereva alisema gari latangatanga. Wengine wakajibu, "Njia ndiyo mbaya, twendeni." Makaniki mmoja mzee akaomba robo saa. Ndugu za mama wakakasirika, nasi tuliwaelewa.

Mzee alituketisha kwenye volani, mashini imezimwa, tuitikise taratibu kulia na kushoto. Yeye akalala chini ya gari, akishika kila kiungo kwa mkono. Penye kimoja akasikia mgongano. Akainua gurudumu kwa jeki, akalishika juu na chini: likatulia. Akalishika kulia na kushoto: likacheza. "Beringi ni nzima," akasema, "iliyokufa ni rotuli." Ndiyo kile kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachounganisha fimbo ya usukani na gurudumu. Nati yake ilikuwa imepoteza pini na kufunguka karibu yote. Ingalianguka njiani, gurudumu lingaligeukia lilikotaka lenyewe, na mama yumo ndani.

Akaing'oa rotuli nzima kutoka gari bovu la namna ileile, akaifunga na pini mpya. Robo saa ikawa saa nzima. Usiku ule mtoto alizaliwa Kasongo, akalia kwa nguvu.

Njia yetu ni mbaya kweli, lakini isibebeshwe kila kosa. Njia mbaya hurusha magari yote. Gari likitangatanga hata penye njia nzuri, tafuta ubaya ndani yake.

Nanyi mnaopakia wagonjwa, kabla ya safari mtu mmoja ashike volani, wa pili alale chini. Tena rotuli ikisha badilishwa, pima kwa kamba nafasi kati ya mipira miwili ya mbele, upande wa mbele na wa nyuma. Vipimo vikiachana sana, mipira italiwa upesi, na gari litaanza kulalamika tena.